Kimya cha Kioo Namba 212

Mwanamke wa kioo namba 212 alipolitaja lile jina, Bibi Udamwesa aliinuka kwenye kiti cha wageni, akavuta shuka mpaka usoni, akatoka darasani bila kuaga. Mlango aliufunga taratibu. Angeubamiza, Nakijwa asingeshtuka sana, maana hasira za kubamiza milango alizizoea ofisini Dodoma. Kutoka kule kwa upole ndiko kulikomkata maini.

Jina lenyewe mimi ninayesimulia sitaliandika. Nilikula kwa Bibi Udamwesa, na mtu hawezi kula kwa watu halafu akaenda kuwaanika.

Watoto thelathini na sita wa darasa la tano walibaki wakitazamana. Mbele yao, juu ya jukwaa dogo la nuru, mwanamke kijana aliyepigwa picha zaidi ya karne moja iliyopita aliendelea kutabasamu. Alivaa sketi ya ngozi na bangili za shaba, na chale za duara zilizunguka macho yake yote mawili. Alikuwa anangoja swali linalofuata, mchangamfu kabisa, kama muuza duka aliyefungua asubuhi hiyohiyo.

"Nimekosea wapi?" Nakijwa alimnong'oneza mwalimu wa darasa.

Mwalimu Udameda alikuwa binti wa kuzaliwa wa Bibi Udamwesa. Hakumtazama mgeni wake. "Tuwatoe watoto kwanza, dada," alisema. "Halafu twende nyumbani. Mama hatarudi humu."

Nakijwa Mshana alizima jukwaa. Yeye ndiye aliyekuwa Mtathmini Mkuu wa Baraza la Picha-hai za Shule, na kalamu yake ilikuwa na uzito wa ajabu. Kila jamii nchini ilikuwa na haki ya mwanamke mmoja kwenye ukuta wa kila shule, anayetoka kwenye picha za zamani za vioo walizopigwa wanawake wa makabila na wageni waliopita na kamera zao. Mtoto wa Mtwara angeweza kumwuliza mwanamke wa Bukoba alihifadhi vipi mbegu, naye akajibiwa. Lakini kwanza picha ilipimwa thamani yake ya kielimu. Ikipata alama themanini, iliingia. Isipopata hata baada ya kurekebishwa, ilirudishwa ghalani miaka kumi, na jamii ile ikapewa mwanamke wa kuundwa.

Kioo namba 212 kilikuwa na alama tisini na sita. Kesho yake asubuhi Mwenyekiti wa jopo angefika hapo Katesh kwa jaribio la mwisho, na kilichobaki ilikuwa sahihi ya Nakijwa tu. Kuwaonyesha ndugu wa mwenye picha kulikuwa ni adabu, kisanduku kimoja kwenye fomu. Alidhani angenywa chai, akashukuriwa, akalala mapema.

*

Walimkuta Bibi Udamwesa jikoni kwake, nyuma ya shule, anachochea moto. Mlima Hanang' ulionekana wote kupitia mlango wa uani, bila wingu hata moja.

"Shikamoo, mama," Nakijwa alisema. "Nimekuja kuomba radhi, lakini sijui ninaombea nini."

"Marahaba. Kaa hapo, mwanangu. Maziwa hayo, kunywa." Yule bibi hakuwa na kinyongo usoni. Alionekana kama mtu aliyekanyagwa mguu na mgeni asiyeona vizuri. "Kuna jina limetajwa."

"Jina gani?"

Bibi Udamwesa akamtazama, halafu akacheka mpaka akashika kiuno. "Ningekuwa naweza kukuambia, mimi ningetoka darasani? Udameda, mwambie huyu mwenzio. Mimi naenda kutazama ndama." Akatoka uani, akasimama mbali, mgongo ukiwa upande wao.

Udameda akaeleza. Mwanamke wa Kidatoga akishaolewa, hataji jina la baba mkwe wake, wala la wakubwa wa ukoo ule waliomtangulia. Hataji hai wala maiti, hataji kwa kucheka wala kwa kugombana. Jina lililotamkwa darasani lilikuwa la baba mkwe wa mwanamke wa kioo. Na kwa kuwa mwanamke wa kioo alikuwa bibi mzaa baba wa mume wa Bibi Udamwesa, jina hilohilo lilikuwa mwiko hata kwake.

"Mimi naweza kulitaja, nimezaliwa humu," Udameda alisema. "Mama hawezi hata kulisikia akatulia. Niliwahi kumwona amemkalisha karani wa sensa hapo ulipokaa tangu asubuhi mpaka jioni. Karani anataka jina la ukoo wa nyumba. Mama anamwambia, kunywa maziwa, baba yao amekwenda kuchota chumvi Ziwa Balangida, akirudi atakutajia. Karani wa watu alikunywa vibuyu vitatu."

Nakijwa hakucheka. Alikuwa ameisoma desturi hiyo mahali zamani, mstari mmoja ndani ya kitabu kinene, akaipita kama mtu anavyopita kibao cha barabarani. Sasa ilimrudia yote, na pamoja nayo ikarudi ripoti aliyoiandika kwa mkono wake miezi sita nyuma. Aliikumbuka neno kwa neno. *Hajibu. Akiulizwa habari za ukweni hukaa kimya na kuinamisha macho. Alama sabini na moja. Irekebishwe.*

Bibi Udamwesa alirudi, akaketi juu ya kigoda. "Umemaliza kuambiwa?"

"Nimeambiwa, mama." Nakijwa aliweka kibuyu chini. Alitamani kunyamaza, lakini alipiga moyo konde. "Zamani hakuwa akilitaja. Alipoletwa kwangu mara ya kwanza alikuwa akiulizwa, anainama, ananyamaza."

"Enhe. Na nani alimfungua mdomo?"

"Mimi."

Moto ukalia kidogo. Bibi Udamwesa alisogeza kuni moja, akaipuliza, akapangusa majivu mkononi. "Basi mrudishe alivyokuwa," alisema, kama anayeomba mtu arudishe sufuria ya jirani.

"Nikimrudisha, atashindwa. Hataingia ukutani, na mahali pake patawekwa huyu." Nakijwa akatoa kishikwambi chake cha kazi, akamwonyesha mwanamke wa kuundwa wa Wadatoga. Uso laini, chale zilizolingana sawasawa kushoto na kulia, tabasamu.

Bibi Udamwesa alimchungulia kwa muda mrefu. "Huyu binti wa nani?"

"Si binti wa mtu. Mashine imechanganya nyuso elfu mbili."

"Hana mama?"

"Hana."

"Maskini," alisema Bibi Udamwesa, na alimaanisha. Kisha sauti yake ikashuka. "Yule wa darasani ana kidevu cha mume wangu. Nilipomwona nilitaka kumsalimia marehemu. Miaka kumi na minne sijakiona kidevu kile, mwanangu. Usimwondoe. Lakini usimwache anasema vile mbele ya watoto wa watu, nchi nzima ikimsikia, kama mwanamke asiyefundwa kwao. Mimi nitamtazamaje?"

Nakijwa alizima kishikwambi, akainuka. Alikuwa ameombwa mambo mawili yasiyoweza kukaa kwenye fomu moja.

*

Mchana ule alijifungia katika ofisi ya walimu na mashine yake.

Picha-hai hutengenezwa hivi. Mtambo husoma uso kwanza: mifupa, misuli, kovu, mkunjo. Hapo hujua mtu yule angecheka vipi na angekunja uso vipi. Lakini uso hauna maneno. Maneno na mwenendo huchukuliwa kwenye sauti na video za wanawake wa jamii ileile, maelfu ya saa, zilizokusanywa na vizazi vya watafiti. Habari za mhusika mwenyewe hutoka kwenye daftari la mpiga picha, kama lipo.

Kwa kioo namba 212 daftari lilikuwepo. Mzungu aliyepita na kamera aliandika: *Mang'ati, mwanamke, kijana. Mke wa fulani, mwana wa fulani.* Majina ya wanaume wawili, yameandikwa kwa wino mzuri. Jina la mwanamke mwenyewe hakuliuliza. Na hilo "Mang'ati" ni jina walilopewa na waliokuwa wakipigana nao, wao wenyewe hawajiiti hivyo. Mafundi walichukua jina la baba mkwe humo, wakampachika mdomoni.

Ila kimya hakikutoka daftarini. Nakijwa alifuatilia kumbukumbu za toleo la kwanza, mstari kwa mstari, akakuta kitu kilichomfanya avue miwani. Hakuna fundi aliyefundisha mtambo kunyamaza. Mtambo ulijifunza wenyewe, kwa kusikiliza mamia ya wake wa Kidatoga wakiulizwa swali lile na watafiti, wakiinama, wakinyamaza. Ulisikia walichokuwa wakikifanya, wakati watafiti wenyewe walikuwa wakisubiri neno tu. Nao ulikuwa sahihi. Aliyekosea alikuwa yeye Nakijwa, mwalimu wa zamani wa jiografia aliyefundisha Same miaka ishirini na miwili akiamini kwamba mtoto asiyejibu amelala.

Kulikuwa na jambo jingine. Sheria ya Baraza ilitoa sekunde nne. Picha isipojibu ndani ya sekunde nne, mfumo ulihesabu kosa na kuita swali linalofuata. Katika kumbukumbu za kioo namba 212, kila alipoulizwa habari za ukweni, mstari ulisomeka vilevile: *anainama, ananyamaza, sekunde ya nne, anavuta pumzi, imekatwa.*

Anavuta pumzi. Mtu havuti pumzi ili aendelee kunyamaza. Alikuwa na la kusema, na mara zote alikatwa.

Lipi, Nakijwa hakuweza kujua. Toleo lililokataliwa haliruhusiwi kuendeshwa ila mbele ya jopo. Angeweza kutia sahihi ya alama tisini na sita, kila mtu akalala salama isipokuwa bibi mmoja wa Katesh. Au angeweza kurudisha toleo la kwanza, akafuta kikomo cha sekunde, kisha akasimama mbele ya Mwenyekiti bila kujua mwanamke yule atafungua mdomo aseme nini, au asiseme kabisa. Akinyamaza moja kwa moja, kidevu cha marehemu kingerudi ghalani miaka kumi. Bibi Udamwesa alikuwa na miaka themanini na moja.

Udameda aliingia na karatasi ndogo, akaiweka mezani. "Jina lake," alisema. "Lake mwenyewe. Baba aliniambia nikiwa mdogo. Nimeona kwenye fomu yako pameandikwa 'mke wa'."

Nakijwa alisoma. *Udasamo.* Akaliandika kwenye nafasi yake. Kisha akarudisha toleo la kwanza.

*

Mwenyekiti Rwezahura alifika saa tatu asubuhi, kaunda suti imenyooka, viatu vimeshika vumbi la Hanang'. Zamani jopo lilikuwa watu saba. Siku hizi ni mtu mmoja na mashine yake ya kuhesabu, na Rwezahura alikuwa mtu wa haki lakini asiye na muda.

"Tisini na sita," alisema akisoma. "Safi sana. Hii ya leo ni kutimiza wajibu tu, Mama Mshana."

"Nimerudisha toleo la kwanza, Mwenyekiti."

Alinyanyua macho. "Lile la sabini na moja?"

"Lile. Na nimeondoa kikomo cha sekunde. Ukiona vibaya utaliandika jina langu, si lake."

Rwezahura alimtazama kama anayetazama mtu mwenye homa, akakaa. Bibi Udamwesa alikuwa nyuma ya darasa, karibu kabisa na mlango, shuka limeshikwa tayari mkononi. Nakijwa aliliona shuka lile, akabonyeza swichi.

Jukwaa likawaka. Udasamo akasimama mbele ya watoto, mdogo kuliko jana. Labda ni kwa sababu hakuwa akitabasamu.

Waliuliza ya kukamua, akajibu. Waliuliza chale zilichanjwa na nani na kama ziliuma, akasema ziliuma na alilia na mama yake alimcheka, darasa likacheka. Mashine ya Rwezahura ilikuwa ikiwasha taa ya kijani kila mara. Kisha binti mmoja wa mstari wa mbele, Magreth, mwenye sauti nyembamba, akasimama.

"Shikamoo, bibi. Baba wa mume wako aliitwa nani?"

Udasamo aliinamisha macho.

Sekunde moja. Mbili. Watoto walitulia. Tatu. Nne, na mashine mkononi mwa Rwezahura ikawasha nyekundu. Yule mwanamke akavuta pumzi. Tano. Mtoto mmoja alikohoa, mwenzake akamfinya. Sita, saba, nane. Rwezahura alianza kuandika kitu. Nyuma kule, shuka la Bibi Udamwesa lilikuwa bado mapajani.

Baada ya sekunde kumi na moja, Udasamo alinyanyua uso.

"Huyo mimi simtaji, mwanangu," alisema kwa upole. "Ni mkwe wangu. Kamuulize mtoto wa ukoo. Yeye atakwambia."

Magreth alisimama palepale, akifikiri. Alitazama huku na huku. Halafu akageuka, na darasa zima likageuka pamoja naye, likamtazama Mwalimu Udameda.

Udameda hakuwa ameambiwa lolote. Alimtazama mama yake, akatazama jukwaa, akaelewa. Alitembea mpaka kwa yule mtoto, akainama, akamnong'oneza sikioni. Bibi Udamwesa alikuwa amegeuza uso ukutani kwa heshima zote, lakini mabega yalikuwa yakimtikisika kwa kicheko.

"Nimeshajua," Magreth aliwaambia wenzake, akaketi. Wakaanza kumvuta sketi awaambie. Akakataa. "Bibi yuko hapa," alisema. "Nitawaambia nje."

Nakijwa alishika ukingo wa dawati. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, kwa kuwa kuyafuta kungeonekana zaidi.

*

"Mashine inasema hakujibu," Rwezahura alisema watoto walipotoka. "Sabini na moja, kama mwanzo."

"Alijibu. Alimtuma mtoto kwa mtu aliye hai."

"Sekunde kumi na moja, Mama Mshana."

"Ulihesabu?"

"Nilihesabu." Alikuna kidevu, akatazama jukwaa lililozimwa. "Nimekaa kwenye majaribio mia nne. Sijawahi kuona darasa la tano limekaa kimya sekunde kumi na moja bila fimbo." Akageuza fomu, akafika kwenye swali la mwisho, lile ambalo watathmini wengi hujaza haraka: *Mwanafunzi anajifunza nini?* "Hapa hujaandika kitu."

Nakijwa alichukua kalamu. Aliandika kwamba mwanafunzi anajifunza kungoja, na kujua ni nani wa kuulizwa. Kisha, bila kuambiwa, akarudi kwenye ripoti yake ya kwanza, penye safu ya mwenye kosa. Alikata neno *picha* akaandika *mtathmini*, na akatia sahihi pembeni.

Rwezahura alisoma yote mawili. Akatia sahihi yake chini. "Kikomo cha sekunde nakifuta kwa kioo hiki. Jibu lake lihesabiwe."

"Na vingine?"

"Vingine vipi?"

Nakijwa alikuwa amevihesabu alfajiri ile, kabla chai haijachemka. "Vioo nilivyoandikia 'hajibu, irekebishwe'. Miaka sita. Sitini na vitatu."

Yule Mwenyekiti alivua miwani. "Hiyo ni kazi ya miaka. Na kila ripoti ina jina lako, unalijua hilo? Watu watauliza."

"Ndiyo maana naijua idadi."

Bibi Udamwesa alikuwa bado hajaondoka. Alikuwa mbele ya jukwaa lililozimwa, ametoa mkono kama mtu anayetaka kumpangusa mwenzake vumbi. "Huyu anabaki?" aliuliza.

"Anabaki, mama," Nakijwa alisema.

"Haya." Alijifunga shuka vizuri. "Leo amesema kama mtu wa kwetu." Akatoka, na safari hii aliaga.

Rwezahura alikuwa anafunga mkoba wake. Nakijwa alimgusa mkono.

"Mwenyekiti, toleo lililokataliwa linaendeshwa mbele ya jopo tu. Na jopo ni wewe. Nusu saa nyingine, tafadhali."

Alimtazama, akatazama saa yake, akakaa chini kwenye dawati la mtoto, magoti yakimgonga kidevu.

Nakijwa alifungua kioo cha kwanza kabisa alichowahi kukikataa. Mama wa makamo kutoka mwambao wa Ziwa Nyasa, shanga tatu shingoni, mikono mikubwa. Aliikumbuka ripoti: *Akiulizwa idadi ya wanawe, hukaa kimya.* Miaka sita alikuwa amemfanya mama yule ataje namba mbele ya kila darasa nchini.

Alirudisha toleo la zamani, akaondoa kikomo cha sekunde. Yule mama akawaka mbele yao, akawatazama.

"Shikamoo, mama," Nakijwa alisema. "Una watoto wangapi?"

Yule mama aliangalia mikono yake. Sekunde ya nne ikaja ikapita. Nakijwa aliweka kalamu chini, akakunja mikono mapajani, akangoja.